Maisha ya Sinan, Fundi Mkuu wa Dola ya Uthmaniya

Ndugu msomaji, mtu akitaka kujua ni nani aliyechora ramani ya ngome ya Fort Jesus hapa Mombasa, hatahitaji kutafuta sana. Ataambiwa kuwa ni Mtaliani aitwaye Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na kwamba kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1593. Lakini mtu huyo huyo akienda hatua chache mpaka Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome ile kuwekwa jiwe lake la kwanza, akauliza ni fundi gani aliyeusimamisha mnara wake, itakuwa shida kumpata wa kumjibu. Jina la mtu aliyewajengea Wareno mahali pa kuweka mizinga yao limehifadhiwa, na jina la yule aliyetujengea mahali pa kusujudia limepotea. Hilo si kosa la Wareno. Ni kosa letu sisi.

Mataifa yaliyo macho hayafanyi hivyo. Waingereza tangu mwaka 1848 wamekuwa wakitoa nishani ya dhahabu kwa msanifu wa majengo aliyetukuka katika kazi yake. Na kwa majengo ya Waislamu, tangu mwaka 1977 iko tuzo iliyoasisiwa na Aga Khan. Haya ni mambo mema. Walakini kumheshimu fundi si jambo geni kwetu hata tudhani kuwa ni lazima tufundishwe na wengine. Zaidi ya karne 4 zilizopita palikuwa na Muislamu mmoja ambaye dola kubwa ilimpa heshima kwa kazi ya akili yake na mikono yake, akakaa katika cheo chake karibu miaka 50 chini ya masultani 3, na leo jina lake lajulikana kuliko majina ya wengi katika mawaziri waliomtumia. Mtu huyo ni Sinan, ambaye Waturuki humwita Mimar Sinan, yaani Sinan mjenzi. Maisha yake ndiyo tutakayoyaeleza hapa, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yatupasayo.

Asili yake na ujana wake

Sinan alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, si mbali na mji wa Kayseri, katika nchi ya Anatolia. Wazazi wake walikuwa Wakristo, watu wa shamba. Zama zile dola ya Uthmaniya ilikuwa na desturi ya kuwachukua vijana wa Kikristo kutoka vijijini, wakasilimishwa, wakafunzwa lugha ya Kituruki na matumizi ya silaha, kisha wakatiwa katika jeshi la Janisari au katika utumishi wa jumba la Sultani. Desturi hiyo hatuisifu. Mzazi aliyenyang'anywa mwanawe hakufarijika kwa kuambiwa kuwa huenda mwanawe akawa mtu mkubwa, wala ahadi waliyopewa watu wa dhima haikuwa hiyo. Lakini historia husimuliwa kama ilivyokuwa, si kama tupendavyo iwe.

Sinan alichukuliwa karibu na mwaka 1512, katika zama za Sultani Selim wa Kwanza, akapelekwa Istanbul. Hakuwa mtoto mdogo. Alikuwa amekwisha kupita miaka 20. Alipoulizwa kazi ya kujifunza akashika useremala. Tazama, ndugu msomaji, mlango aliouingilia: hakuanza kwa kukaa juu ya kiti na kuchora, bali alianza kwa msumeno na randa, akaujua ubao kwa mkono wake kabla ya kuwaamrisha wengine waukate.

Kisha akawa askari. Alikwenda katika vita vya Belgrade mwaka 1521, na kisiwa cha Rhodes mwaka 1522, na Mohács katika nchi ya Hungaria mwaka 1526, na Vienna mwaka 1529, na Baghdad mwaka 1534. Wengine katika safari kama hizo walirudi na mateka na mali. Sinan alirudi na kitu kisichoweza kuporwa, nacho ni elimu ya macho. Kila mji alioupita aliyatazama majengo yake: vipi Waarabu walivyojenga, na vipi Waajemi, na vipi Wazungu, wapi ukuta ulisimama na wapi ulipasuka, na kwa sababu gani.

Katika vita vya upande wa Uajemi jeshi lilifika katika ziwa la Van, likahitaji vyombo. Kamanda Lutfi Pasha alimwamrisha Sinan, naye akaunda merikebu 3 pale pale ufukweni, akazitia mizinga, akazisafirisha yeye mwenyewe. Na mwaka 1538, katika vita vya Moldavia, jeshi lilikwama mbele ya mto Prut, kwani ardhi ya kando yake ni tope na kila daraja lililotiwa lilizama. Sinan alipewa kazi hiyo, na kwa muda wa siku chache daraja likasimama na jeshi zima likavuka. Tangu hapo wakubwa wa dola walijua kuwa kati ya askari wao mna mtu asiyekuwa askari tu.

Kushika cheo cha Fundi Mkuu

Mwaka ule ule cheo cha Fundi Mkuu wa dola kilikuwa wazi, na Lutfi Pasha akamtaja Sinan. Yasimuliwa kuwa Sinan hakulikubali jambo hilo kwa wepesi. Alikuwa na daraja yake jeshini, na kuiacha kulikuwa kugumu kwake. Lakini alifikiri kuwa kwa kazi hiyo ataweza kujenga misikiti mingi, na kwamba hilo litamfaa duniani na akhera. Basi akaliweka upanga kando akashika rula na bikari. Umri wake ulikuwa karibu miaka 50, umri ambao wengi wetu huwa tumekwisha kusema kuwa wakati wetu wa kujifunza umepita.

Cheo hicho hakikuwa cha kujenga majumba ya Sultani tu. Fundi Mkuu alikuwa na ofisi yake na wasaidizi wake, na juu yake ilikuwa dhamana ya maji ya mji, na njia, na mifereji, na kuzuia moto, na kuangalia nyumba zisijengwe kwa namna ya kudhuru majirani, na kuhakikisha kuwa matofali na mawe ni ya kipimo kilichokubaliwa. Kazi za nchi za mbali zilifanywa kwa ramani zilizotoka ofisini kwake, na wanafunzi wake wakapelekwa kuzisimamia. Ndiyo sababu alama yake yaonekana Damascus, ambako Sultani Suleiman alijengewa msikiti na makao ya mahujaji, na ndiyo sababu huhesabiwa zaidi ya majengo 300 kuwa ni yake: misikiti, madrasa, vyuo vya watoto, hospitali, majiko ya kuwalisha maskini, hamamu, madaraja, na misafara ya maji.

Na waliohiji katika ndugu zetu walikuwa wakiyaona yale makuba madogo mengi yaliyoizunguka Kaaba juu ya kumbi za Masjid al-Haram. Hayo yaliamrishwa na Sultani Selim wa Pili katika mwaka 1571 yawe badala ya paa la mbao, na yakamalizwa katika utawala wa Murad wa Tatu. Kazi hiyo nayo hunasibishwa na Sinan.

Misikiti yake 3 mikubwa

Mwaka 1543 Sultani Suleiman alifiwa na mwanawe aliyempenda sana, Mehmed, akamwamrisha Sinan ajenge msikiti kwa ukumbusho wake. Huo ndio msikiti wa Şehzade, uliomalizika mwaka 1548. Kisha mwaka 1550 akaanza msikiti wa Sultani mwenyewe, Süleymaniye, ambao ulifunguliwa mwaka 1557. Kuba lake lina upana wa mita 26 na zaidi, na urefu kutoka chini hadi kileleni ni karibu mita 53.

Yatupasa tuelewe ugumu wa kazi hiyo. Kuba si kifuniko cha chungu kikaacho juu ya mdomo wake kwa amani. Kuba la mawe na matofali lina uzito mkubwa, na uzito huo haushuki chini tu bali husukuma kuta kwenda nje, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Fundi asiyejua huongeza unene wa ukuta, na msikiti ukawa kama gereza, giza tupu. Sinan aliugawa uzito ule: akautia juu ya matao 4 na nguzo 4 kubwa, akaweka nusu-kuba mbele na nyuma ili zipokee msukumo, akazificha kuta za kuegemeza ndani ya kumbi za pembeni hata mwenye kuswali hazioni. Kwa hivyo kuta zilizobaki hazikuwa na mzigo mkubwa, akazitoboa madirisha mengi, na nuru ikaingia. Ndani ya kuba akatia mitungi ya udongo ili sauti ya msomaji isipotee. Na husemwa kuwa moshi wa taa ulielekezwa katika chumba kimoja juu ya mlango, na masizi yake yakakusanywa yakafanywa wino wa kuandikia.

Wala msikiti ule haukuwa peke yake. Kuuzunguka palijengwa madrasa, na chuo cha hadithi, na madrasa ya utabibu, na hospitali, na jiko la maskini, na nyumba ya wasafiri, na hamamu, na vyote vilikuwa wakfu. Muislamu aliyefika pale aliweza kuswali, kusoma, kutibiwa, kula na kulala.

Daftari za hesabu za kazi ile zimehifadhiwa hata leo. Zaonyesha kuwa mafundi walikuwa Waislamu na Wakristo, karibu nusu kwa nusu, na ujira wa kila siku umeandikwa. Zaonyesha pia kuwa palitumiwa wafungwa wa merikebu, na hilo nalo tusilifiche. Lakini tazama adabu ya kuandika! Dola ile iliona kuwa mwashi na mkata mawe ni watu wa kuhesabiwa, wakaingia katika kitabu.

Yasimuliwa pia kuwa kazi ilipochelewa, wenye husuda walimfikia Sultani wakamwambia kuwa Fundi Mkuu ameshindwa, na kuba lile halitasimama. Sultani akaja kwa hasira akamuuliza lini kazi itakwisha. Sinan akaahidi miezi 2. Wengine wakadhani ameingiwa na wazimu. Lakini alikusanya mafundi wake, wakafanya kazi usiku na mchana, na ahadi ikatimia. Sultani, alipokabidhiwa ufunguo, aliona kuwa anayestahiki kuufungua mlango wa msikiti ule ni yule aliyeujenga, akampa Sinan aufungue yeye. Ikiwa kuna nishani kubwa kuliko hiyo, sisi hatuijui.

Msikiti wa 3 ni Selimiye, katika mji wa Edirne. Ulianza mwaka 1568, Sinan akiwa na umri wa karibu miaka 80, ukamalizika mwaka 1575. Humo aliondoa nguzo 4 akaweka 8, akazisogeza pembeni karibu na kuta, na juu yake akasimamisha kuba moja lenye upana wa mita 31 na kidogo. Faida yake kwa wenye kuswali ni kubwa: uwanja wa ndani ni mmoja, safu hazikatwi, na aliye nyuma amwona imamu kama aliye mbele. Kwa nje akatia minara 4 myembamba, kila mmoja wapita mita 70. Yeye mwenyewe husimuliwa kuwa aliihesabu Şehzade kuwa kazi ya mwanafunzi, na Süleymaniye kazi ya fundi, na Selimiye kazi ya bingwa. Mtu aliyekuwa Fundi Mkuu wa dola alijiona bado ni mwanafunzi hata baada ya kujenga msikiti wa mtoto wa Sultani! Na sisi mtu akisoma vitabu viwili hataki tena kuulizwa.

Maji na madaraja

Wengi wakimtaja Sinan hutaja misikiti tu. Lakini maskini wa Istanbul pengine walimshukuru zaidi kwa maji. Mji ulikuwa umejaa watu na maji yalikuwa haba. Baina ya mwaka 1554 na 1564 Sinan alileta maji ya Kırkçeşme kutoka misitu ya mbali, kwa njia ya zaidi ya kilomita 50, akapima mteremko kidogo kidogo ili maji yaende yenyewe, na penye mabonde akajenga matao ya kuyavusha. Mwaka 1563 yalikuja mafuriko makubwa, baadhi ya matao yakavunjika. Hakukaa akawalaumu wengine. Aliyajenga upya, na tao la Mağlova, lenye urefu wa kwenda juu wa mita 36, lasimama mpaka leo.

Na katika madaraja yake mashuhuri ni lile la Büyükçekmece, lililomalizika mwaka 1567, na lile la mto Drina, katika mji wa Višegrad, Bosnia, lililojengwa kwa amri ya Waziri Sokollu Mehmed Pasha na kukamilika mwaka 1577.

Tena asiyejua asidhani kuwa alidharau kazi za wasiokuwa Waislamu. Kanisa la Aya Sofia, lililomalizwa mwaka 537 na kugeuzwa msikiti baada ya Istanbul kutekwa mwaka 1453, lilikuwa mwalimu wake maisha yake yote. Alilichunguza, akashindana nalo, na mwaka 1573 lilipokuwa katika hatari alipewa kazi ya kuliimarisha, akaliongezea kuta za kuliegemeza. Mwenye elimu huichukua elimu popote aionapo, kisha huilipa kwa kuihifadhi.

Kufa kwake na kukumbukwa kwake

Sinan alifariki mwaka 1588, sawa na mwaka 996 wa Hijra, akiwa na umri wa karibu miaka 100. Katika miaka hiyo hiyo nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, alikuwa akija pwani yetu kuwasaidia watu wa Mombasa juu ya Wareno. Kwa hivyo zama zake si mbali nasi kama zidhaniwavyo. Aliacha wakfu wake, na ndani yake mlikuwa na msikiti mdogo, na chuo cha watoto, na bomba la maji. Alizikwa katika pembe ya njia, nje ya ukuta wa Süleymaniye, katika kaburi dogo alilojijengea, na kando yake pana mahali pa mpita njia kunywa maji. Aliyewajengea wafalme makuba, yeye nafsi yake alitosheka na pembe.

Rafiki yake Sai Mustafa Çelebi, mshairi, aliyaandika maisha yake kama alivyomsimulia uzeeni, pamoja na orodha ya majengo yake. Lau si kalamu ile, mengi tuliyoyasema hapa yangezikwa pamoja naye. Na wanafunzi wake waliuendeleza ujuzi: Davud Agha alishika cheo chake, na Mehmed Agha akaujenga msikiti wa Sultani Ahmed baina ya mwaka 1609 na 1616. Na Hayruddin, ambaye huhesabiwa katika wanafunzi wake, alijenga daraja la Mostar mwaka 1566. Likavunjwa vitani mwaka 1993, likarudishwa mwaka 2004.

Waturuki walimpa chuo kikuu cha sanaa jina lake, wakatia sura yake katika noti zao, na wanajimu wakaita kwa jina lake shimo moja katika sayari ya Utaridi. Selimiye iliandikwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia, na daraja la Drina mwaka 2007. Lakini yako pia mambo ya aibu. Mwaka 1935 kaburi lake lilifukuliwa ili fuvu lake lipimwe, ijulikane ni wa kabila gani. Kila taifa lilimtaka awe wake. Walisahau kuwa kipimo cha mtu yule hakikuwa katika mifupa ya kichwa chake, bali kilikuwa Edirne, wazi, kimesimama, kila mtu akiona.

Mafunzo kwetu

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani kwa hili tusiwacheke wengine. Ni mara ngapi katika miji yetu mtu huulizwa nasaba yake kabla ya kuulizwa kazi yake? Mwashi anayejua kupasua jiwe la matumbawe, na kupika chokaa, na kupanga boriti za mikoko zisioze, huitwa kwa jina la kazi, hulipwa kwa kunung'unikiwa, na siku ya kufungua msikiti husimama mlangoni, huku aliyetoa fedha akikaa mbele na jina lake likichongwa juu ya jiwe. Kisha twashangaa vijana wetu wakiukimbia ufundi, na twashangaa misikiti ya kale ikipasuka na hapana ajuaye kuitengeneza illa kwa saruji inayouharibu ukuta wa chokaa.

Mambo 3 twayaweza, na hayahitaji Sultani. Kwanza, tuandike. Kila msikiti na wende na wakfu wake jina la fundi aliyeujenga na aliyeutengeneza, mwaka na ujira, kama zilivyofanya daftari za Süleymaniye. Na wazee waashi waliohai waulizwe leo, kama Sai alivyomuuliza Sinan, kwani kesho hawatakuwapo. Pili, kila fundi mwenye ujuzi apewe vijana, na vijana wapewe posho, ili ujuzi usife na mwenyewe. Tatu, wakfu wa msikiti usihesabu mafuta na mikeka tu, bali uwe na fungu la kutengeneza jengo kabla halijaanguka.

Tukifanya hayo, atakapokuja mtu miaka 400 baada yetu akauliza ni nani aliyeusimamisha mnara huu, atapata wa kumjibu. Na tusipofanya, atajibiwa kama tunavyojibu sisi. Mwenyezi Mungu amrehemu Sinan, na awarehemu mafundi wetu ambao majina yao sisi tumeyapoteza na Yeye hakuyapoteza.